Sufi Kwenye Kuta za Kombi

Baba yangu alipozikwa, kijana mmoja wa ukoo alisimama na karatasi akatusomea kwamba marehemu alikuwa mbunifu, kwamba ndiye mtu wa kwanza Kilosa nzima kuligeuza gari likawa nyumba ya kulala. Waombolezaji wakaguna kwa heshima. Mimi nilikuwa mkekani na wanawake wenzangu, nikainama nikajifunika khanga usoni, na jirani yangu akanipapasa mgongo akidhani nalia. Nilikuwa nacheka. Uongo ule naujua kwa harufu. Unanuka sufi isiyochambuliwa na uji wa muhogo uliochacha.

Ninyi wa rika langu mliokulia kando ya reli mnaijua sufi. Mnakumbuka kiangazi kikikolea, misufi inapasua maganda yake na mji mzima unageuka mweupe. Sufi inaelea mpaka kwenye sufuria ya mboga, inanasa kwenye nywele, inaingia kanisani na kumfanya mchungaji apige chafya katikati ya sala. Mnakumbuka kukaa barazani na ungo mkichambua, mbegu nyeusi huku, sufi huku, pua zinawasha na macho yanatoka machozi. Na kila mtoto wa Kilosa alijua kwamba godoro la sufi lisiposhonwa vifundo, sufi yote hukimbilia upande mmoja, ukaamka umelalia kitambaa kitupu na mlima uko miguuni. Baba yangu alilalia godoro la namna hiyo tangu azaliwe. Lakini alikuwa mtu wa kulalia jambo maisha yake yote asijue limeshonwaje.

Alikuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge. Maana yake, alisimama kivulini akiwatazama wenzake wakibeba. Serikali ilipoyachukua mashamba na meneja Mgiriki akafungasha virago vyake, nyuma ya karakana ilibaki Kombi moja isiyo na viti, kioo cha nyuma kimezibwa kwa bati. Baba alipewa Kombi ile, au alijipa. Nimesikia hadithi zote mbili, na zote mbili kutoka kwake. Siku aliyoileta nyumbani ilikuwa inasukumwa na vijana, yeye amekaa kwenye usukani akiwapungia watu mkono.

Wakati huo Mama hakuwepo. Alikuwa ameondoka mwanzoni mwa masika, siku Baba alipomwaga ugali aliopikiwa, akaumwaga chini mbele ya wageni, kwa sababu eti umepoa. Mama aliuokota ule ugali tonge kwa tonge, akafagia, akafunga nguo zake, akaenda kwao Vidunda, juu milimani. Mimi aliniacha kwa Bibi, mama mzazi wa Baba, kwa sababu ya shule. Kabla hajaondoka alinichutamia, akaniambia, "Foibe, mimi sijakukimbia. Baba yako akipanda mlima kunifuata, nitarudi. Asipopanda, mimi sirudi. Usinililie, lilia miguu yake."

Ndivyo ilivyokuwa kwa watu wa Mama. Mke aliyerudi kwao harudi kwa mume kwa miguu yake mwenyewe, hata awe na hamu kiasi gani. Mume ndiye hupanda, hukaa chini mbele ya wajomba, hutaja alichokosea kwa kinywa chake, na akishasikilizwa mke hujitwika mzigo wake wakashuka pamoja. Asiyekuja kumfuata mkewe amemwacha. Mimi nilikuwa na miaka minane au tisa, na kila jioni niliporudi kutoka mtoni kuchota maji niliangalia kama Baba amevaa viatu vya safari. Alikuwa amevaa makubadhi, amekaa chini ya ile Kombi, anafikiri.

Ilikuwa miaka ya watu kuhamishwa. Leo unasikia jirani ameambiwa abomoe, kesho unamwona na milango yake kichwani anaelekea kwenye kijiji kipya. Baba hakuhamishwa, maana sisi tulikuwa mjini, lakini aliipata hotuba yake mle mle. Alisimama mbele ya Bibi akasema, "Mama, mjinga hujenga nyumba ardhini. Mimi nyumba yangu itakuwa na magurudumu. Wakiniambia hama, nawasha."

Bibi alikuwa anapepeta mchele. Alisema, "Kwanza iwake."

Haikuwaka kwa muda mrefu, lakini hilo halikumzuia kuipamba. Alileta magunia ya mkonge na mbao za masanduku ya chai, akaniita. "Wewe utachambua sufi. Tunaijaza ukutani, kati ya bati na mbao. Hiyo ndiyo siri ya nyumba za Wazungu."

"Ya nini, Baba?"

"Inazuia. Baridi haipiti, joto halipiti."

Mimi sikusikia habari ya joto. Kilosa joto lilikuwa kama hewa, nani angelizuia? Nilisikia baridi. Na mahali pekee pa baridi nilipopajua duniani palikuwa Vidunda, ambako nilipelekwa mara moja nikiwa mdogo, nikalala katikati ya Mama na nyanya yangu na bado nikatetemeka. Nikaelewa mambo yote kwa mara moja, kama watoto wanavyoelewa. Baba alikuwa anatengeneza gari la kumfuata Mama. Aliona haya kusema. Alikuwa anataka wakati wa kurudi Mama asipate baridi njiani.

Nawaambia nilichambua sufi kwa ibada. Nilitoka shule nikapita chini ya kila msufi kuanzia stesheni mpaka mto Mkondoa, nikajaza kikapu mpaka wenzangu wakaniita Mama Godoro. Niliwaambia, "Tunakwenda kumfuata mama yangu." Nilichambua mbegu zote. Baba akaona nachelewa. Akaja, akashika sufi ile kwa mikono miwili, na maganda na mbegu na wadudu wake, akaanza kuishindilia ukutani kwa mchi. "Ukuta hauna shingo," alisema, "hautaumwa na mbegu." Magunia aliyabandika kwa uji wa unga wa muhogo, juu yake akapigilia mbao, na misumari mingine ikatoka upande wa nje ya gari.

Bibi alipita na beseni lake la nguo akasimama. "Mwanangu, hata godoro hushonwa vifundo. Hiyo itashuka yote."

"Mama, hili si godoro, ni gari."

"Na panya je? Mbegu na unga wa muhogo. Umewapikia pilau."

"Panya hawapandi gari," alisema Baba, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuwauliza.

Balozi wa nyumba kumi naye akaja, mzee mpole aliyeogopa kukosea. Aliizunguka Kombi, akagonga mlango kama anabisha hodi, akamuuliza Baba kama kitu kile ni gari au ni nyumba. Maana kama ni nyumba, inatakiwa iwe kwenye mstari na nyumba nyingine. Baba akamhutubia kuhusu kujitegemea kwa muda mrefu mpaka mzee wa watu akaomba maji. Alipoondoka Baba alijiona ameshinda. Ndivyo alivyokuwa, mtu akichoka kumsikiliza, yeye alihesabu amekubaliana naye. Debe tupu haliachi kuvuma, na la kwetu lilikuwa na magurudumu manne.

Sufi niliyoichambua vizuri, ile safi isiyo na hata mbegu, Baba hakuitumia. Nikaishona mto. Bibi alinipa kipande cha khanga ya Mama aliyoisahau kwenye kamba, na mimi nikashona kwa uzi wa mkonge, mishono mikubwa kama meno ya mbuzi. Ulikuwa mto wa Mama wa kulalia njiani. Nikauweka ndani ya Kombi, juu ya kitanda cha mbao ambacho Baba alikifunga kwa kamba.

Siku Kombi ilipowaka, Baba alisema, "Tunakwenda Mikumi." Njia ya Vidunda ilipita Mikumi. Hilo nililijua vizuri kuliko majina ya mitume. Unafika Mikumi, unashika njia ya Kidodi, halafu mlima unaanza. Bibi alimtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi nilivyovaa gauni la kanisani. Alikuwa anajua. Mji mzima ulijua kulikuwa na nini Mikumi, isipokuwa mimi niliyekuwa nachambua sufi.

Barabara ya Mikumi ilikuwa mashimo matupu. Kwa kila shimo nilisikia ukuta unasema shaa, shaa, na kitu kinateremka. Tulipofika katikati ya safari, nusu ya juu ya kuta ilikuwa mbao tupu, na sufi yote imejikusanya chini, magunia yamevimba kama mashavu. Jua lilipiga paa, ndani tukawa kama mihogo kwenye chungu. Baba alikuwa anatoka jasho mpaka kwenye kope. "Unaona," aliniambia, "ingekuwa haina sufi tungekufa." Nilimwamini. Haya yananiuma hadi leo kuliko mengine: nilimwamini mpaka jasho lake.

Tukafika kwenye lami, malori ya Zambia yamepanga mstari, madereva wanakula kwenye vibanda. Nilikuwa nimeshika mto mapajani nikiangalia njia ya Kidodi. Baba hakushika njia ya Kidodi. Alikata kona nyuma ya kibanda kimoja cha chakula, akazima gari, akachana nywele kwenye kioo.

Mwanamke akatoka kibandani akifuta mikono kwenye khanga. Jina lake Salima, alikuwa akiwapikia madereva, na sina neno baya juu yake. Mtu hawezi kulaumiwa kwa uongo alioambiwa. Alifungua mlango, akachungulia, akagonga ukuta kwa kidole. Ukaita, ko, ko.

"Hii ndiyo nyumba isiyoingia joto?" akauliza.

"Bado haijatulia," alisema Baba. "Ikitulia utavaa sweta."

Salima akacheka, akapanda, akaketi kitandani. Nilikuwa nimeuweka mto pale pale niliposhuka kumwamkia, na yeye akaukalia. "Na huyu mtoto wa nani? Si ulisema huna mke wala mtoto?"

Nilimtazama Baba. Nilikuwa nasubiri aseme, kama mtu anavyosubiri kuitwa jina lake shuleni, kwa uhakika tu.

"Huyu? Mtoto wa kaka yangu," alisema. "Nimekuja naye akusaidie kuosha vyombo. Foibe, msalimie shangazi."

Baba hakuwa na kaka. Bibi alizaa mtoto mmoja tu, na alikuwa akisema huyo mmoja alimtosha. Baadaye, nyuma ya gari, aliniinamia akaniambia kwa sauti laini, sauti aliyokuwa hanipi nyumbani, "Hapa utaniita baba mdogo. Ni mchezo tu. Ukikosea utaniharibia." Kisha akanipa andazi.

Nililila lile andazi. Nilikuwa na njaa. Lakini nakumbuka kwamba nikiwa natafuna nilimtazama miguu, kama Mama alivyoniambia, yale makubadhi yake yenye vumbi, na nikajua haitapanda mlima. Hasira ilikuja polepole sana. Kilichokuja kwanza kilikuwa dharau, nami nilikuwa sijapewa bado jina lake. Nilimwona mdogo. Mtu mzima, mrefu, mwenye masharubu, nikamwona mdogo kuliko mimi.

Nikaishi Mikumi nikiosha sahani za madereva. Kila asubuhi nilisema, "Shikamoo, baba mdogo," na yeye akaitikia, "Marahaba," mwanzoni kwa kusita, baadaye bila hata kugeuza kichwa. Alizoea upesi kuliko mimi. Salima alinipenda, akanisuka nywele, akaniuliza habari za baba yangu, nikamwambia sijui yuko wapi. Usiniambie huo ulikuwa uongo.

Vuli ikaanza kunyesha. Maji yakapita kwenye matundu ya misumari, magunia yakaoza, uji wa muhogo ukachacha, mende wakaja kwa ukoo na kabila. Kisha panya, wale wasiopanda gari. Walifuata mbegu. Walichimba njia ndani ya kuta, wakazaa humo, na sufi ikawafaa wao kweli, maana watoto wao hawakupata baridi. Salima alilala mle siku chache tu, akarudi chumbani kwake. Alimwambia Baba, mbele ya madereva wawili na mimi, "Bwana, umewajengea panya nyumba nzuri. Kaa nao."

Baba alinisogelea baadaye akaniambia kosa lilikuwa langu, sikuchambua vizuri.

Aliyenitoa pale ni Mjomba Yohana, kaka yake Mama, aliyeshuka kutafuta chumvi na kuniona nimeinama kwenye beseni la vyombo. Hakuuliza sana. Kwa watu wa Mama mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na chako ukikiona kimetupwa unakiokota. Baba alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Mjomba akaisemesha ile miguu: "Shemeji, mtoto wetu namchukua." Miguu ikajivuta ndani zaidi. Nikauchukua mto, tukashika njia ya Kidodi.

Mlima ule gari lolote lisingeupanda. Ilikuwa njia ya miguu, mawe na mizizi, unapanda umeshika majani. Nilicheka peke yangu nikipanda, na Mjomba akadhani nimechoka. Mama alikuwa shambani, kwenye mteremko, jembe mkononi. Alinishika, akaninusa kichwani, akaniuliza, "Baba yako yuko wapi?" Nikasema yuko Mikumi. Habari za Salima alizijua tangu zamani, hazikumshtua. Ile nyingine, ya baba mdogo, sikumwambia. Nilijaribu usiku mmoja, tumelala, nikaacha, kwa sababu niliona nikisema nitakuwa kweli mtoto wa mtu asiyekuwepo.

Na Mama alikuwa bado anangoja. Hilo ndilo lililoniudhi na kunitisha. Alikuwa bado anaangalia njia, alikuwa bado anasema, "Wanaume hupotea wakarudi." Kombi ilipokufa kabisa na Salima alipomfungia mlango, ndipo Baba alipokumbuka ana mke. Akapanda mlima. Nilimwona kwa mbali anakuja, mikono kiunoni, anapumzika kila hatua chache, na Mama naye alimwona. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amebadili khanga na mzigo wake umefungwa, ameuweka mlangoni.

Baba alisema vizuri. Kusema ndiyo kazi pekee aliyoiweza. Alikaa chini mbele ya Mjomba Yohana na wazee wawili, akavua kofia. Alitaja ugali. Alitaja mwanamke wa Mikumi, bila kuficha, akainamisha kichwa. Alitaja kuchelewa. Wazee walikuwa wanatikisa vichwa kwa kuridhika, maana si wengi waliokiri hivyo. Mama alikuwa nyuma ya mlango, na niliona bega lake limelegea, lile bega lililokaza tangu masika.

Mjomba akauliza kama desturi ilivyo, "Kuna lingine, shemeji? Lisije likachipuka mkiwa njiani."

"Hakuna," alisema Baba. "Hayo ndiyo yote. Namwachia Mungu."

"Basi. Foibe, njoo umwamkie mzee wako, mjiandae."

Nilitoka. Nilipiga goti vizuri, magoti yote mawili, mikono nimeiweka mapajani, kama Bibi alivyonifundisha. Sikupandisha sauti wala sikuishusha.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba," alisema Baba, papo hapo, hata hakugeuza kichwa.

Wazee wakatazamana. Mama akatoka nyuma ya mlango. Alimtazama Baba, akanitazama mimi nilivyopiga goti, akamtazama tena Baba, ambaye sasa alikuwa anaipapasa kofia yake aivae. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Ukoo mzima ulijua Bibi alizaa wangapi. Mama akaniinua kwa mkono, akayapangusa vumbi magoti yangu, akaenda mlangoni akaubeba mzigo wake kuurudisha ndani.

Mjomba Yohana alikohoa. Alikuwa mtu wa adabu, hakumkaripia mgeni hata siku moja. Akaangalia angani, akaangalia njia ya kushukia.

"Shemeji," alisema, "jua bado lipo. Ukianza sasa utafika chini kabla ya giza."